Biltmore: mabafu 43, nani alikuwa anayasugua?

Kwanza nijitambulishe msije mkashangaa mbele ya safari. Mi ni mbeba boksi, nafanya usafi hotelini hapa Charlotte, Marekani, vyumba 15 kwa shifti, shuka natandika hata nikiwa nimefumba macho. Sasa mtu kama mimi ukimpeleka Biltmore, lile jumba kubwa la tajiri wa zamani kule Asheville, usitegemee atarudi anakusimulia mapicha ya ukutani. Mi niliingia nahesabu mabafu.

Kutoka Charlotte ni kama masaa mawili kwa gari, nilienda na shoga yangu mmoja Mkongo wa Bukavu tunafanya nae shifti moja. Tiketi sio ya kitoto aisee, bei inapanda na kushuka kulingana na siku, kipindi cha Krismasi ndo usiseme kabisa, kwa hiyo buki mtandaoni mapema na kama kazini wanakuruhusu chagua siku ya katikati ya wiki. Humo humo kwenye tiketi zimo bustani na kuonja mvinyo, maana siku hizi wana kiwanda chao cha mvinyo, jengo lenyewe zamani lilikuwa zizi la ng'ombe wa maziwa. Ukishapita geti usidhani umefika. Kibarabara kinazunguka msituni maili 3 hivi, miti, kijito, miti tena, mpaka shoga yangu akaanza kuniuliza "dada, tumepotea?" Hatujapotea, ndo lilivyopangwa, aliyetengeneza mandhari ile ni Olmsted, yule yule aliyechora bustani kubwa ya Central Park ya New York, nahisi alitaka uchoke kidogo halafu jumba likutokee ghafla. Na kweli linakutokea. Nilinyamaza, na mi sio mtu wa kunyamaza.

Lilijengwa 1889 mpaka 1895, mwenyewe anaitwa George Vanderbilt, mjukuu wa yule mzee aliyetajirika kwa meli na reli. Vyumba 250 jamani. Vya kulala 35, mabafu 43, sehemu za kuotea moto 65, majiko 3. Eneo la ndani peke yake linazidi viwanja viwili vya mpira. Walivuta reli yao binafsi ya kuleta mawe mpaka saiti na tanuru la matofali wakaliweka pale pale. Na sasa sikia hii, jamaa anafungua nyumba mkesha wa Krismasi 1895 ana miaka 33 na hana mke! Bachela. Ameoa 1898, mtoto mmoja wa kike 1900, halafu 1914 mwenyewe akafariki. Yaani familia ya watu watatu. Huyu angekuwa Tabata angeshazushiwa ufrimasoni kabla hata hajapaua, kwetu ukijenga vyumba sita tu watu wanaanza kuuliza anamjengea nani.

Vya juu juu sivimalizi, mtaviona wenyewe. Ukumbi wa chakula dari lake futi 70, kama jengo la ghorofa saba hivi, moto unawaka sehemu tatu kwenye ukuta mmoja. Maktaba ina vitabu kama 10,000 na dari la picha lililotolewa kwenye kasri la Venice, na chumba kingine kuna sataranji aliyokuwa anachezea Napoleon huko alikofungwa kisiwani. Kila mtu alikuwa ameinua simu anapiga picha. Nzuri, sikatai. Ila mi nilikuwa nasubiri kushuka chini.

Maana huko chini ndo kwetu.

Chini kuna bwawa la kuogelea la ndani, la vigae vyeupe, saa hizi halina maji. Linachukua galoni 70,000, nikapiga hesabu kwenye simu, ndoo zetu zile za lita 20 ni zaidi ya 13,000. Halafu enzi hizo hakukuwa na dawa wala mashine ya kuchuja, kwa hiyo kila baada ya siku chache maji yote yanamwagwa, yanajazwa upya. Watu wanapita pale wanasema wau. Mi nikasimama ukingoni naangalia ile mistari katikati ya vigae, na mtu yeyote aliyewahi kusugua vigae kwa brashi anajua mistari ile inavyoshika ukungu, nikajisemea kuna mwenzangu alipiga magoti humu.

Ukisogea mbele unafika kwenye chumba cha kufulia na hapa ndo nilimshika shoga yangu mkono. Kuna chumba cha kukaushia nguo, kwenye ukuta kuna vichanja virefu vimesimama kama milango, unakivuta kimoja kinateleza kinatoka chote, unaanika shuka, unakirudisha ndani ambako kuna joto, basi shuka inakauka huko huko hata kama nje kuna theluji. Zaidi ya miaka 100 iliyopita hiyo! Sisi hotelini kwetu mashine ya kukaushia ikigoma tunatazamana. Tulikaa pale kama dakika 10, watu wanatupita wanadhani tumekosa njia.

Halafu mabafu. Nilikuwa na kitu kinanikera tangu huko ghorofani bila kukijua, ikabidi nirudie kuangalia kwenye kile cha mwisho. Sinki hamna! Beseni la kuogea lipo, choo kipo, sinki la kunawa uso hamna. Sababu ni kwamba mgeni hanyanyuki kwenda kunawa, maji ya moto analetewa chumbani na bakuli lake, akimaliza kuna mtu anakuja kuyaondoa. Kwangu mimi pesa ya Vanderbilt ipo pale, kwenye sinki ambalo hawakuona haja ya kuliweka. Na ukitaka maji yenyewe huiti, unabonyeza kitufe ukutani, kengele inalia huko chini kwenye ubao unaoonyesha chumba gani kinataka mtu.

Kitufe kile kilinirudisha mbali kidogo. Nikiwa na miaka 17 nilikuwa dada wa kazi kwenye nyumba moja Mikocheni, ya geti kubwa, na mama mwenye nyumba alikuwa na kakengele kadogo ka mezani. Nilikuwa nalala stoo, kati ya gunia la mchele na feni bovu. Sasa Biltmore ghorofa ya nne wanakuonyesha vyumba vya wasichana wa kazi, kitanda chake, kabati lake, kiti chake, mlango unafungwa. Nilitegemea nitakasirika pale, badala yake nikajikuta namuonea wivu mtu aliyeshakufa zamani. Hapo hapo nikakumbuka kwamba yule kutoka jikoni chini mpaka kitandani kwake ana ghorofa kibao za kupanda, wivu ukapungua.

Shoga yangu akaniuliza kwa sauti, wazungu wawili wakageuka, "huyu mutajiri, alikuwa anajua majina ya hawa bamama?" Sikuwa na jibu.

Na kinachonichekesha, jumba bado ni la familia ile ile. Walifungulia watu kuingia 1930 wakati uchumi umekaba, na msitu mkubwa mjane alishauuzia serikali, ndo huo msitu wa taifa wa Pisgah wa sasa. Kwa hiyo leo hii ni mimi, msugua vyoo, natoa hela yangu ya ovataimu kulitunza paa la Vanderbilt. Na nimetoa kwa hiari, na nitarudi, nataka niione bustani mwezi wa nne maua yakiwa yamefunguka.

Nawapa nyota 4. Ile ya tano nimeibana kwa sababu maelezo ya masikioni yanakaa sana juu kwa mabwana, chini ambako ndo nyumba ilikuwa inaendeshwa unapita haraka na kuna vijichumba nilitamani wavielezee zaidi. Mkienda vaeni raba, ngazi ni nyingi na hakuna pa kukaa kaa ovyo, viti vyote ni vya kuangalia. Na mkifika kwenye vile vichanja vya nguo msipite mbio.