Kamera ya dashibodi kwenye madai ya ajali: ipi inafaa, ipi ya kuachana nayo

Kamera ya dashibodi inayonunuliwa kwa ajili ya madai ya fidia isipimwe kwa uzuri wa picha, ipimwe kwa asilimia za kosa. Ukikutwa na uzembe wa kuchangia, yaani sehemu ya kosa unayobebeshwa wewe mwenyewe, wa asilimia 30, kwenye hasara ya 100 unalipwa 70. Majimbo mengi ya Marekani yana kikomo: ukivuka nusu, na kwingine ukifika tu nusu, huambulii kitu. Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia ni kali zaidi. Kwa kawaida hata asilimia 1 inatosha kukunyima yote. Kamera inayokushusha kutoka 55 hadi 45 imeshajilipa.

Aina ya kwanza ya kuachana nayo ni yenye betri ya lithiamu. Joto la kioo cha mbele huivimbisha betri. Gari likigongwa na umeme ukikatika, betri iliyochoka haiwezi kuiendesha kamera zile sekunde chache za kufunga faili, na faili linaloharibika ndilo hasa lenye ajali. Chukua yenye kapasita, kijenzi kinachohifadhi umeme kidogo badala ya betri.

Ya lenzi moja inatosha nusu tu. Anayegonga kwa nyuma huanza na lawama, lakini utetezi wake unajulikana: ulirudi nyuma, au taa zako za breki hazikuwaka. Lenzi ya nyuma humaliza hoja ya kwanza palepale. Dhidi ya hoja ya pili husaidia iwapo mwanga wa taa zako za breki unaonekana kwenye gari lililo nyuma.

Mipangilio ya kiwandani inahitaji kurekebishwa. Sensa ya mtikisiko ikiwa juu mno, kila tuta hufunga faili lisifutwe, kadi inajaa, na kamera inaacha kurekodi bila wewe kujua. Ishushe, kisha fomati kadi mara kwa mara. Taa za LED za barabarani humweka haraka, hivyo taa nyekundu inaweza kuonekana imezimika kwenye video. Baadhi ya kamera zina chaguo la picha 27.5 kwa sekunde kupunguza hilo. Saa nayo iwe sahihi, la sivyo itapishana na ripoti ya polisi na wakili wa upande wa pili atashikilia hapohapo.

Kasoro moja haina dawa: lenzi pana huonyesha gari la mbele likiwa mbali kuliko lilivyo, hivyo unaonekana ulikuwa na nafasi ya kusimama. Na kuficha kasi kwenye skrini hakusaidii sana. Kwa kilomita 60 kwa saa na picha 30 kwa sekunde, gari husogea takriban sentimita 55 kila picha. Mtaalamu akijua umbali kati ya alama mbili za barabarani, anahesabu tu.

Baada ya ajali, chomoa kadi kabla video mpya haijaandikwa juu ya faili la ajali. Nakili faili halisi, usilitume kama video ya kawaida kwa WhatsApp, maana litabanwa na kupoteza taarifa zake.

Maikrofoni hunasa “samahani, sikukuona” ya mwenzako, na yako pia. Asiyeitaka aizime kabla ya safari. Kufuta sauti baada ya kugongana kunaweza kuhesabiwa kuharibu ushahidi.