Kabla Hujakodi Nyumba Provence, Uliza Chumba cha Kulala Kiko Wapi

Usiku wa tatu mama yangu aliteremsha godoro. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na ngazi za nyumba ile zilikuwa nyembamba kama za mnarani. Nilipoamka saa tisa usiku kunywa maji nilimkuta jikoni, amelitandaza godoro juu ya vigae vyekundu vya sakafu, amejifunga kanga moja, kalala fofofo. Kule juu, kwenye chumba nilichomchagulia kwa sababu ndicho kilichopendeza kuliko vyote kwenye picha, kipimajoto changu cha safari kilisoma nyuzi 33. Na mama ni mtu wa Tanga, joto analijua tangu azaliwe. Asubuhi akaniambia: "Mwanangu, hawa wamejenga ukuta wa boma, wakaezeka paa la banda."

Nimeyatafakari maneno hayo mwaka mzima. Tunaishi Brussels, tuliendesha gari karibu kilomita elfu moja kumfikisha mama kwenye jua la kusini mwa Ufaransa, tukalipa kwa wiki zaidi ya tunavyolipa kodi ya nyumba yetu kwa nusu mwezi, na mama akalala jikoni. Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia bwawa la kuogelea, wala intaneti, wala mashine ya kuosha vyombo, wala umbali wa duka la mikate. Hayo kila tangazo limeyataja na kila mtu anajua kuyaangalia. Nitazungumzia kitanda kiko ghorofa gani na juu yake kuna nini.

Nyumba ya shamba ya Provence, ambayo wenyewe huiita mas, ilijengwa na watu wenye akili nyingi. Uso wake hutazama kusini. Mgongo huupa kaskazini, unakotoka mistral, ule upepo mkali unaoteremka bonde la mto Rhône, na ndiyo maana ukuta wa nyuma una madirisha machache, madogo. Kuta ni za mawe, unene wake nusu mita na wakati mwingine zaidi. Mbele hupandwa mti mkubwa wa kivuli. Madirisha yana milango ya mbao kwa nje, volets, ambayo hufungwa asubuhi kabla jua halijapata nguvu na hufunguliwa usiku hewa ikishapoa. Aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu haoni geni hapo: ukuta mnene, kivuli, jua lipigane na jiwe huko nje na lisiingie ndani.

Lakini hesabu hiyo ilipigwa kwa ajili ya vyumba vya chini, kwa sababu huko ndiko watu walikoishi. Darini palikuwa pa nyasi kavu na nafaka. Na katika nyumba nyingi za Provence, Drôme na Cévennes, juu ndiko walikofugwa viwavi wa hariri, wadudu wanaotaka joto muda wote ili wakue. Chumba chao kinaitwa magnanerie. Ule mforosadi mnene unaouona kwenye picha, umetia kivuli kwenye meza ya chakula, mara nyingi uzao wake ni wa zamani hizo: majani ndiyo yaliyokuwa chakula cha viwavi. Katikati ya karne ya 19 ugonjwa ukawaua viwavi kwa wingi, hata mwanasayansi Louis Pasteur akatumwa mji wa Alès kuanzia mwaka 1865 kuutafiti. Ufugaji ukafifia. Vyumba vya juu vikabaki vitupu, na leo vina vitanda vya watalii. Nilimlaza mama yangu palipochaguliwa na wahenga wao kwa kuwa hapapoi.

Paa la namna hiyo ni vigae juu ya mbao, na chini yake ubao mwembamba wa plasta uliopakwa chokaa nyeupe ili upendeze. Jua linaupiga mchana kutwa. Joto huchukua saa kadhaa kupenya, kwa hiyo mwenye nyumba anapokukabidhi funguo saa kumi alasiri na kukuonyesha vyumba, huhisi kitu. Linakufikia saa tatu usiku, ukishapanda kulala. Kama chumba kinatazama magharibi, kimepigwa na jua hadi saa tatu kasoro, maana mwezi wa saba huko jua huzama kuchelewa. Na kama dirisha lenyewe limekatwa kwenye paa, bila mlango wa mbao kwa nje, umelala chini ya kioo.

Msidhani nakuza mambo. Tarehe 28 Juni 2019, Vérargues katika mkoa wa Hérault, kipimajoto kilifika nyuzi 46.0, rekodi ya Ufaransa nzima. Wimbi la joto la Agosti 2003 liliua watu wapatao 15,000 nchini humo, wengi wao wazee. Ukimwalika mzazi, hili ni jambo la afya kabla halijawa la starehe.

Sasa maneno ya kuyatafuta kwenye tangazo. *Sous les toits*, *sous combles*, *mansardée*: hayo yote maana yake darini, chini ya paa. *Mezzanine* ni dari lisilo hata na ukuta, joto la sebule nzima hupanda likakaa kitandani. *Plain-pied* na *rez-de-chaussée* ni chini, na hayo ndiyo tunayoyataka. *Climatisation* ni kiyoyozi, lakini soma mpaka mwisho wa sentensi, kwa sababu mara nyingi kipo sebuleni tu. *Brasseur d'air* ni pangaboi, na kwangu mimi pangaboi juu ya kitanda cha chumba cha chini lina thamani kuliko bwawa. Wavu wa mbu dirishani, *moustiquaire*, ni neema nyingine, maana bila wavu huwezi kufungua dirisha usiku, na usipofungua dirisha usiku ukuta mnene hauna msaada.

Nikizipanga aina za malazi kwa ubora, ya kwanza ni gîte yenye nembo ya shirikisho la Gîtes de France, na sitajifanya sina upande. Gîte ni nyumba nzima ya kujipikia kijijini au shambani. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1951 huko Thoard, milimani karibu na Digne, na shirikisho lenyewe likaundwa 1955, nia yake wakulima wapate kipato wasihame vijiji, na watu wa mjini wapate likizo wanayoimudu. Nyumba hukaguliwa kabla ya kupewa nembo, kisha hupewa masuke ya ngano, moja hadi matano. Lakini sizipendi kwa sababu ya masuke. Nazipenda kwa sababu maelezo yake yamezoea kuandikwa ghorofa kwa ghorofa: chini kuna hiki, juu kuna hiki, chumba hiki kina mita za mraba kadhaa na kitanda cha upana huu. Ukisoma unaiona nyumba kama umesimama mlangoni. Tangazo lililonidanganya mimi, kwenye jukwaa lingine, liliandika "vyumba vinne vya kupendeza" basi.

Chukua masuke matatu. Ya nne na ya tano unalipia mapambo na bwawa, na mimi nimeona nyumba ya bei kubwa yenye sofa za ngozi chini na watoto wanaooka juu. Kama unaweza kuchagua mahali, panda mlimani kidogo. Vijiji vya Gordes na Roussillon vinapendeza, sikatai, ila kwa kulala natafuta Sault, chini ya mlima Ventoux, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa kwa nini watu hupanda Lushoto. Na lavenda ya Sault huchelewa. Wakati ile ya Valensole imeshaanza kuvunwa katikati ya Julai, Sault bado ina zambarau, na sikukuu yao ya lavenda ni tarehe 15 Agosti.

Ya pili ni chambre d'hôtes, chumba ndani ya nyumba ya mwenyeji. Sheria inamruhusu vyumba 5 na wageni 15, si zaidi, na bei lazima iwe na kifungua kinywa na mashuka ndani yake. Faida ni kwamba mwenyeji yupo. Atakufungia milango ya madirisha asubuhi wewe ukiwa sokoni, kazi ambayo wageni wengi hatuijui, tunaacha kila kitu wazi tukidhani tunaleta hewa. Hasara ni kwamba mara nyingi mwenyeji hulala chini, wageni huwekwa juu. Uliza. Kama atawapikia chakula cha jioni, wanaita table d'hôtes, chakula ni kimoja kwa wote na meza mara nyingi ni moja, kwa hiyo mwambieni siku mnayoweka nafasi kwamba hamli nguruwe wala hamnywi mvinyo. Wenyeji wetu wawili wa miaka ya nyuma walilipokea jambo hilo kwa heshima kubwa, mmoja akatupikia kondoo na mbilingani ambao mama bado anawataja.

Hoteli ndogo za familia zenye nembo ya Logis naziweka ya tatu. Zinafaa kwa usiku mmoja au miwili njiani. Omba chumba cha ghorofa ya kwanza, usikubali cha mwisho juu.

Ya nne, na hapa nina hasira, ni nyumba za vijijini zinazokodishwa kwenye majukwaa makubwa ya mtandaoni. Nyumba hizi ni nyembamba na ndefu, chumba juu ya chumba, na cha juu kabisa ndicho kinachopigwa picha kwa kuwa kina mandhari. Bei hutangazwa kwa idadi ya watu wanaoweza kulala, basi kila kipembe cha dari hutiwa kitanda ili "watu 4" wawe "watu 8". Kisha zije gharama. Tuliona euro 780. Tulipomaliza kulipa ilikuwa 1,060. Usafi euro 95. Mashuka kwa kila kitanda, mbali. Taulo, mbali. Na mkataba ukatutaka tufagie, tutoe taka na tuvue mashuka kabla ya saa nne asubuhi. Sasa zile 95 zilisafisha nini? Nilipomwandikia mwenye nyumba usiku ule kuhusu chumba cha mama, alinijibu kwamba nyumba za mawe zina ubaridi wake. Ukuta, ndiyo. Mama hakulala ukutani.

Mobil-home, vile vijumba vya kuhamishika vya kambini, ndizo za bei nafuu kuliko zote. Jua likichomoza tu hakukaliki ndani. Kama mfuko ndio unaoruhusu hiyo, chukua iliyo chini ya miti.

Kuhusu malipo ya awali, someni neno lililoandikwa. Likiwa *arrhes*, ukighairi unapoteza ulichotoa na yameisha. Mwenye nyumba akighairi, anakurudishia mara mbili. Likiwa *acompte*, umefungwa: ukighairi anaweza kukudai zaidi. Arrhes ni arubuni yetu hasa, hata maneno yenyewe ni ndugu, yote mawili yametoka kwenye lugha za Kisemiti, la kwao likapitia Kigiriki na Kilatini, letu likaja na Kiarabu. Kwa sisi tunaoalika wazazi kutoka nyumbani jambo hili ni kubwa. Ubalozi unataka uthibitisho wa malazi kabla haujatoa viza ya Schengen, na viza inaweza kunyimwa. Msitoe acompte kwa safari ya mtu ambaye pasipoti yake bado iko ubalozini. Tafuteni ya kughairi bure, au ya arrhes.

Tena, kwa sheria ya Ufaransa nyumba ya likizo hukodishwa kwa mkataba wa maandishi wenye bei na maelezo ya nyumba, *état descriptif*. Mna haki ya kuyadai hayo kabla ya kutoa hata senti. Mimi sikuyadai. Mwaka huu, kabla ya kulipa chochote, niliwatumia wenye nyumba watano ujumbe huu, nanyi unakilini ulivyo:

*Bonjour, à quel étage se trouve chaque chambre ? Y a-t-il une chambre sous les toits ? Les fenêtres ont-elles des volets ?*

Unauliza kila chumba kiko ghorofa gani, kama kuna cha darini, na kama madirisha yana milango ya mbao. Wawili hawakujibu. Mmoja alisema nyumba yake ni ya mawe, nikamwacha. Wa nne alinijibu vizuri lakini vyumba vyote viko juu. Wa tano, bibi mmoja wa upande wa Sault, aliniandikia kwamba chumba cha chini kinatazama mashariki, kina pangaboi, na kwamba cha juu yeye mwenyewe hamlazi mtu mwezi wa saba. Huyo nimempa arubuni.