Tisheti ya chungwa ya 30 Septemba: kabla hujanunua uliza hela inaenda kwa nani

Kwa sisi tulioko Canada, Septemba ikikaribia tisheti za chungwa zinajaa kila kona, mtandaoni ndo usiseme. Tunazivaa tarehe 30 kuwakumbuka watoto wa wenyeji asilia waliopelekwa shule za bweni. Mi nimenunua sehemu mbili tofauti.

Ya kwanza niliagiza mtandaoni, dola 19, muuzaji simtaji. Kitambaa chepesi ukiweka mkono ndani unauona, na yale maandishi ya kwamba kila mtoto ana thamani yameshaanza kubanduka. Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba mchoro hauna jina la msanii popote, na nilipowaandikia kuuliza mauzo yanawasaidia vipi manusura wa shule hizo wakanijibu na ofa ya punguzo. Jamani!

Hii tisheti ina historia yake. Phyllis Webstad alikuwa na miaka 6 mwaka 1973 alipopelekwa shule ya bweni ya St. Joseph's Mission karibu na Williams Lake, British Columbia, kavaa shati jipya la chungwa alilonunuliwa na bibi yake, siku ileile ya kwanza wakamvua na hakurudishiwa. Watoto zaidi ya 150,000 wa First Nations, Inuit na Métis, yaani wenyeji asilia wa Canada, walipitishwa kwenye shule hizo, serikali inatoa hela makanisa yanaendesha, wanaadhibiwa kwa kuongea lugha ya nyumbani kwao, na za mwisho zimefungwa miaka ya 1990 juzi tu hapa, yaani manusura tunapanda nao basi moja. Sasa mtu anachuma kwenye machungu hayo na hawarudishii hata senti? Hapana.

Ya pili nilinunua kwenye kaduka ka dada mmoja Mcree, yaani wa taifa la Cree, mojawapo ya hayo ya wenyeji asilia, dola 35. Pamba nzito, shingo haijalegea pamoja na kufuliwa sana, na kwa ndani chini ya kola pamechapwa jina la msanii na taifa lake. Risiti yenyewe inaonyesha sehemu gani ya hela inaenda kwa chama cha manusura. Nilipouliza saizi akaniambia ukweli kuwa zinabana kidogo, nichukue moja juu, na kweli imenikaa vizuri.

Kama hamna duka kama hilo karibu, anzieni Orange Shirt Society, shirika la Phyllis mwenyewe.

Ya kwanza nyota 1, ya pili nampa 5 bila kusita. Za watoto agizeni mapema, Agosti hivi, saizi ndogo zinaisha haraka sana.