Jozi ya samaki wa anemoni niliyouziwa Malindi

Muuzaji wa duka moja la samaki wa mapambo hapa Malindi alinihakikishia kwa kinywa chake: "Hawa ni mke na mume, dada. Ukiwatenganisha watakonda." Nikalipa shilingi 4,000, nikawabeba nyumbani kwa tuktuk ndani ya ndoo yenye mfuniko. Walikuwa ni Amphiprion allardi, aina ya samaki wa anemoni (wale wanaoishi katikati ya minyiri ya anemoni, mnyama laini wa miambani) inayopatikana kwenye pwani yetu: mwili wa kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, mistari miwili myeupe, mkia mweupe na mapezi ya manjano. Jambo ambalo sikulitilia maanani siku ile ni kwamba walilingana kabisa kwa ukubwa, kila mmoja akitoshana na kidole changu cha shahada.

Tangi langu ni la lita 120 na lilikuwa limekaa na maji likikomaa kwa miezi miwili kabla ya kutia samaki. Maji huyachota Mayungu, kwa sababu yale ya mjini huchafuliwa na tope la mto Sabaki kila mvua zinaponyesha bara. Chumvi ilisoma 1.025 kwenye kipimo, sawa na ya baharini, na joto nyuzi 26, kwa hiyo lawama sikuweza kuitupia maji.

Siku mbili za mwanzo wote wawili walijificha, na hilo ni la kawaida kwa samaki mgeni. Siku ya tatu mmoja alitoka akalitawala tangi zima, na mwenziwe akabaki kwenye pembe ya juu, nyuma ya bomba la chujio, mwili umelala upande na matamvua yakienda mbio. Nilimdondoshea kipande cha nyama ya kamba karibu kabisa na mdomo wake. Alijinyoosha kukifuata, lakini kabla hajakigusa yule mbabe alifyatuka kutoka upande wa pili akampiga ubavuni, na mimi niliyeketi kitini nikasikia kioo kikigongwa. Jioni hiyo pezi la mkia wake lilikuwa limechanikachanika kama pindo la leso kuukuu.

Nilimpigia simu muuzaji, naye akacheka: "Wape muda, dada, ndoa ndivyo zilivyo." Nikangoja siku mbili zaidi, na kungoja huko ndiko ninakojutia, kwa kuwa samaki anayejificha huku akila na mapezi yake yakiwa mazima anazoea tu makao, ilhali huyu wangu alikuwa hali chochote na kila asubuhi alikuwa na jeraha jipya.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, ambaye hupiga mbizi kutafuta pweza. Alitazama mara moja akasema, "Shangazi, kwenye anemoni sijapata kuona wakubwa wawili waliolingana. Huwa ni mmoja mkubwa, wa pili mdogo wake, na wengine vitoto." Ndivyo maumbile yao yalivyo: wote huanza wakiwa madume, mkubwa kuliko wote hugeuka jike, na akishageuka harudi kuwa dume tena. Ukiwafungia pamoja wakubwa wawili, kila mmoja anaudai ujike, na humo tangini mna kioo pande zote nne, aliyeshindwa hana pa kukimbilia.

Nilijaribu kumfungia mbabe ndani ya kikapu cha plastiki chenye matundu, kikielea humo humo tangini, kwa siku nne, nikapanga upya mawe ili akitoka asiyatambue mapito yake. Nilipomwachilia, haikutimia saa moja vita vikaanza upya. Ndipo nilipomrudisha dukani, nikachagua mwingine mdogo, nusu ya ukubwa wa yule majeruhi niliyebaki naye.

Tofauti ilionekana siku hiyo hiyo. Yule aliyekuwa akijibanza nyuma ya bomba alimwendea mgeni kwa kishindo. Mdogo hakukimbia wala hakupigana. Aligeuza ubavu, akatetemeka mwili mzima kwa muda mfupi kama aliyeshikwa na baridi, na mkubwa akapunguza mwendo akampita. Kutetemeka huko ndiko kukubali kwao. Bado humfukuza wakati wa chakula, lakini ni mbio za hatua mbili tatu, na mapezi ya wote wawili ni mazima. Anemoni sina, kwa hiyo hulala pamoja ndani ya chungu kidogo cha udongo nilichokilaza ubavu.

Duka hilo nalipatia nyota tatu kati ya tano. Samaki wake ni wazima, hawakuja na ugonjwa wowote, na alinibadilishia bila ugomvi, ingawa alinitoza shilingi 1,000 nyingine kwa kosa ambalo lilikuwa lake. Nyota mbili nimezikata kwa ajili ya neno "jozi". Wiki iliyopita nilipita kununua chakula nikaona tangi lenye samaki wawili waliolingana kama pacha, na karatasi imebandikwa juu yake: mke na mume. Mmoja alikuwa amesimama kwenye pembe ya juu, nyuma ya bomba.