TAHADHARI: "SSD za TB 1" za bei ya kutupa hapa Mwanza, msiilaumu Linux

Wadau wa kompyuta Mwanza na visiwani, fungueni macho. Kuna SSD (diski za chipu) na diski za nje zinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp, zimeandikwa TB 1 au TB 2, bei ya kutupa. Mnakutana stendi ya Nyegezi, au unatumiwa mzigo kwa basi na meli ukiwa Ukerewe, Sengerema au Bukoba. Warantii siku saba. Hizo siku saba ndio mtego wenyewe.

Ndani ya kava kuna chipu ndogo, tuseme GB 64, na kidhibiti chake kimechezewa kiitangazie mashine kwamba ni TB 1. Unaipachika, unaweka Ubuntu au Mint (aina za Linux, mfumo endeshi kama ilivyo Windows), inawaka vizuri kabisa, maana mfumo wenyewe unakula GB chache tu. Balaa linaanza siku data inapovuka uwezo halisi: kinachoandikwa kinapotea kimyakimya, au kinakwenda kufuta cha mwanzo. Picha zinafunguka nusu, apt (amri ya kuweka programu) inalalamika kuwa faili zimeharibika, mashine inaganda, kisha diski nzima inakuwa ya kusomwa tu, huwezi kuhifadhi kitu. Warantii imeshaisha. Ukimpigia muuzaji: "Tatizo hiyo Linux yako, weka Windows."

Uongo. Ubuntu ikikuta muundo wa ext4 (mpangilio wa mafaili kwenye diski) umevurugika kwenye diski ya mfumo, inazuia isiandikwe tena ili kuokoa kilichobaki. Ukiweka Windows data itapotea vilevile.

Anza na ujumbe wa kerneli, kiini cha Linux. Fungua terminal uandike:

`sudo dmesg -T | grep -iE 'ata[0-9]|i/o error|ext4'`

Ukiona `I/O error` au `EXT4-fs error`, usimrukie mtu bado. Waya wa SATA (unaounganisha diski na mashine) uliolegea unaleta vituko hivyohivyo, na kuna wauzaji waaminifu wametukanwa bure kwa ajili yake. Weka smartmontools, programu ya kusoma SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea), kisha `sudo smartctl -a /dev/sda`; sda ni jina la diski. Mstari wa 199, `UDMA_CRC_Error_Count`, ukizidi kupanda, badilisha waya au tundu. Hesabu hairudi sifuri. Ikisimama pale ilipofika, umepona. Zikipanda 5 na 197, sekta zilizohamishwa na zinazosubiri, hapo ni diski yenyewe.

Ushahidi wa uwezo wa uongo unatolewa na f3, programu ya kupima uwezo halisi wa diski. `sudo apt install f3`, fomati diski ikiwa tupu, ipandishe (mount) kwenye folda `/mnt/jaribio`, kisha:

`f3write /mnt/jaribio`
`f3read /mnt/jaribio`

Ya kwanza inaijaza diski mafaili ya GB 1, ya pili inayasoma na kulinganisha. `Data LOST` ikiwa na chochote zaidi ya sifuri, ama umepigwa ama diski ni mbovu. Vyovyote vile, rudisha. TB 1 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni karibu saa tatu kuandika na nyingine tatu kusoma, kwa hiyo fanya siku ileile unayopokea mzigo. Kwa diski ya USB, `sudo f3probe /dev/sdb` inamaliza haraka zaidi. Hakikisha jina la diski kwa `lsblk` (amri ya kuorodhesha diski) kwanza, na usiijaribu kwenye diski yenye data zako. Ila `lsblk` ikionyesha 931.5G kwa TB 1, huo si wizi, ni namna ya kuhesabu tu.

Mchezo wa pili ni diski kubwa za mitumba kuuzwa kama mpya. Kwenye SMART, `Power_On_Hours` (saa ilizowaka) ya 26,000 ni karibu miaka mitatu ya kuwaka bila kuzimwa. Wajanja huirudisha sifuri: mwanzoni mwa 2025 ziligundulika Ulaya diski za Seagate zilizofanyiwa hivyo. Kwa Seagate linganisha na FARM, rekodi nyingine ya ndani ya diski: `sudo smartctl -l farm /dev/sda`, smartmontools toleo la 7.4 au jipya zaidi. Saa za FARM zikiwa elfu kumi na za SMART 3, ondoka.

Ukienda dukani beba flashi yenye Ubuntu. Mashine ikianza kuwaka, Dell bonyeza F12, HP F9, chagua flashi, kisha chagua kujaribu bila kuinstol, fungua programu ya Disks usome SMART hapohapo, hata fundi akinuna. Hela itumwe baada ya kupima, na risiti iandikwe namba ya diski kama smartctl inavyoionyesha. Stika ya juu inachapishwa popote.