Pedali ya Mguu na Imla za Madaktari: Uzoefu Wangu wa Miaka Sita

Pedali yangu ya Infinity, ya kuendesha sauti kwa mguu huku mikono ikiandika, iliingia Mombasa Desemba 2018 ndani ya begi la shemeji, imeviringishwa kwenye fulana zake. Leo waya wake una utepe mweusi sehemu mbili, na ule mpira wa chini unaoizuia isiteleze ulibanduka zamani. Bado inafanya kazi kila usiku. Nimeulizwa mara nyingi kama inafaa kununuliwa siku hizi ambapo kompyuta zinaandika zenyewe, basi nitaeleza nilivyoitumia, nikiwa mwajiriwa kwanza, kisha nikiwa na kazi yangu mwenyewe na vijana watatu.

Kwa asiyejua kazi hii: daktari kule Marekani akishamwona mgonjwa, huchukua kinasa sauti na kusema yote aliyoyaona na aliyoyaamua. Faili la sauti linatumwa, sisi tunasikiliza na kuliandika liwe ripoti ya kuingia kwenye jalada la mgonjwa. Boston ikiwa saa kumi na moja jioni, hapa ni saa sita usiku wakati wa kiangazi chao, na saa saba wakati wa baridi, maana wenzetu hurudisha saa nyuma kila Novemba. Daktari anafunga kliniki, sisi tunafungua kompyuta. Akiamka, ripoti ziko mezani.

Nilianza bila pedali. Nilikuwa nimeajiriwa kwenye ofisi moja Nairobi (jina naliacha), na wageni tulipewa hedifoni na kipanya basi. Unasikiliza maneno matano, unaacha kibodi, unashika kipanya, unasimamisha, unarudisha nyuma, umepitiliza, unatafuta tena. Sauti ya dakika 10 ilikuwa ikinila dakika 50. Wakongwe upande wa pili wa chumba walikuwa wametulia kama washonaji wa cherehani, mikono haitoki kwenye kibodi, mguu tu ndio unaocheza.

Na kweli ni cherehani. Pedali ina sehemu tatu: katikati, ile pana, unakanyaga sauti iende, kushoto inarudi nyuma, kulia inakwenda mbele. Ukiinua mguu, sauti inasimama. Lakini siri yake ni jambo dogo ambalo halikuandikwa hata kwenye boksi: unaweza kuipangia programu ya kuchezea sauti kwamba kila ukikanyaga upya irudi nyuma kidogo, nusu sekunde au sekunde nzima, ili neno la mwisho ulisikie tena. Mimi nimeiweka kwenye sekunde moja. Bila hilo, kila ukisimama unapoteza silabi, na katika kazi hii silabi moja ndiyo inayotenganisha “hypotension” na “hypertension”, yaani shinikizo la damu lililoshuka na lililopanda. Mwezi wa pili na pedali, dakika 10 zile zile zilikuwa zinanichukua dakika 30.

Hesabu yake ni hii. Kazi hii hulipwa kwa mstari, na mstari unaotambulika sokoni ni herufi 65 pamoja na nafasi. Hulipwi kwa saa ulizokaa wala kwa ugumu wa lafudhi. Kwa hiyo kilichonipunguzia muda kiliniongezea mshahara moja kwa moja. Pedali ilirudisha gharama yake kabla mwezi wa pili haujaisha.

Kasoro zake? Kwenye sakafu ya vigae inateleza hadi ukutani, na wewe unaifuata kwa mguu huku unaandika jina la dawa. Nilikwenda kwa fundi wa akala akanikatia kipande cha tairi, nikakigundisha chini, tatizo likaisha. Halafu vua viatu. Ukiwa na kandambili hutaisikia vizuri, na mguu utakufa ganzi. Mimi hubadilisha mguu kila saa, jambo lililonichukua wiki mbili kulizoea, kama kuandika kwa mkono wa kushoto.

Programu ninayochezea sauti ni Express Scribe. Toleo la bure linamtosha anayejifunza. Nililipia kwa sababu madaktari wawili wanatumia vinasa sauti vinavyotoa mafaili ya DSS na DS2, ambayo programu za kawaida za muziki haziyafungui. Inapunguza mwendo bila kuifanya sauti iwe nzito kama ya jini, na hilo ni neema kwa daktari mmoja anayesema kama mnadi wa mitumba. Kikubwa zaidi, faili linakaa kwenye mashine yangu. Juni 2017 kirusi cha kompyuta cha NotPetya kiliangusha huduma za unukuzi za kampuni kubwa ya Nuance, na hospitali nyingi zikakwama. Nilijifunza kutoka mbali kutotegemea tovuti moja kwa kila kitu. Mei 2024, kebo mbili za baharini zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubahatisha siku kadhaa, tulikuwa tumeshapakua kazi ya usiku ule. Tuliandika kama kawaida, tukatuma alfajiri kwa bando la simu.

Kampuni yangu, kama chumba kimoja cha ghorofani Kisauni kinaitwa kampuni, ilianza 2020. Dada mmoja muuguzi anayeishi Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi, alinitaja kwa kliniki ndogo ya mifupa na viungo. Mkataba ulikuwa mrefu kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika. Sheria yao ya HIPAA ya 1996, inayolinda taarifa za afya, inamfuata mgonjwa hadi chumbani kwangu, na hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa hiyo simu zote zinaingia kwenye kikapu mlangoni, na faili hufutwa muda wa mkataba ukifika. Kijana mmoja aliacha kazi kwa ajili ya kikapu kile. Simlaumu, usiku ni mrefu.

Nilipoanza kusimamia wenzangu ndipo nilipojua kwamba kuandika haraka ni sehemu ndogo ya kazi. Wote watatu niliwanunulia pedali na kuwawekea AutoHotkey, programu ya bure ambayo unaandika herufi nne na inakutolea aya nzima uliyoitayarisha. Daktari wa mifupa husema maneno yale yale kwa kila goti lisilo na tatizo, hivyo kifupisho kinaokoa jasho. Sasa usiku mmoja nakagua ripoti, nasoma kwamba mapigo ya damu yako sawa kwenye nyayo zote mbili. Mgonjwa alikatwa mguu wa kushoto miaka mitatu nyuma, imeandikwa aya mbili juu. Kifupisho kilikuwa kimemrudishia mguu! Tulicheka, kisha tukanyamaza. Tangu hapo kifupisho chochote cha uchunguzi hakina neno “pande zote mbili”. Upande lazima uuandike kwa mkono wako baada ya kuusikia kwa sikio lako.

Kanuni nyingine ni ya nafasi wazi. Usiposikia neno baada ya kulirudia mara tatu, acha pengo, andika dakika na sekunde, songa mbele. Kwa vijana hili ni gumu kuliko istilahi zote, maana shuleni pengo ni kukosa. Mtu anaona afadhali abahatishe. Lakini daktari akikutana na pengo atalijaza kwa sekunde tano. Akikutana na neno zuri lisilo lake, atatia saini. Madaktari wenyewe wanaijua hatari hii. Wa mifupa hawasemi “abduction” na “adduction” hivi hivi, kwa sababu moja ni kuupeleka mguu mbali na mwili na nyingine ni kuurudisha. Wanatamka herufi, A-B au A-D, ndipo wamalizie neno. Na akisema goti la kushoto mwanzoni kisha la kulia mwishoni, hatumsahihishi. Tunaandika alivyosema na tunaweka alama ya swali. Hatukuwepo kwenye chumba cha upasuaji.

Nifike kwenye mashine. Mwaka 2023 mteja mmoja, siye yule wa kwanza, alituambia kwamba sauti zitapitia kwanza kwenye programu inayoandika yenyewe, sisi tutasahihisha tu, na malipo ya mstari yatashuka kwa nusu. Sikubisha. Nilichukua saa ya ukutani na daftari, nikapima wiki mbili. Dakika 10 za sauti ambazo mimi huandika kwa dakika 30, kusahihisha kulinichukua 22. Muda umepungua kwa robo, malipo kwa nusu. Yeyote aliyeuza nyanya anaiona hasara hiyo bila kalamu.

Nikiri mazuri yake. Majina ya dawa inayapata vizuri, wakati mwingine kunishinda. Haichoki. Lakini inaichukia kimya. Daktari wangu mmoja mzee hunyamaza katikati ya imla akipekua karatasi, unasikia zikichakacha. Mimi nainua mguu, namngoja. Mashine haingoji. Kwenye kimya kimoja cha namna hiyo iliandika kwamba mgonjwa anakanusha maumivu ya kifua. Nilirudisha mara sita. Hakuna aliyesema hivyo. Na sentensi ilikuwa imenyooka, Kiingereza safi, mahali pake hasa ambapo daktari angeisema. Kijana wangu akikosea, kosa lina makunyanzi, jicho linalishika. Hili lilikuwa limepigwa pasi.

Baadaye nikakuta si mimi peke yangu. Watafiti waliipima Whisper, programu ya kuandika sauti iliyotolewa na kampuni ya OpenAI Septemba 2022, na katika utafiti wao wa 2024 takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti vilikuwa na maneno ambayo hayakusemwa kabisa. Karibu asilimia 40 ya hayo yangeweza kuleta madhara. Vimya virefu vilihusika sana. Asilimia 1 inaonekana ndogo mpaka uhesabu vipande vya usiku mmoja.

Yule mteja nilimrudishia daftari langu la vipimo na bei ninayoiweza, robo tatu ya ile ya zamani. Alikataa, tukaachana kwa amani, ingawa bili yake ya mwisho ilichukua miezi minne kulipwa. Wateja wengine wawili waliikubali bei hiyo. Siku hizi rasimu ya mashine iko kwenye kioo, na pedali iko chini ya mguu, na sharti langu ni kwamba hakuna anayesoma rasimu bila kusikiliza sauti yote. Macho peke yake yanaikubali sentensi nzuri. Nimewahi kuwakamata vijana wakisoma tu, hedifoni ziko shingoni.

Je, ununue? Kama unaandika mahojiano mara moja kwa mwezi, tumia vitufe vya F vya kibodi kusimamisha na kurudisha sauti, vitakutosha. Kama ni kazi ya kila siku, ya madaktari, ya mahakama au ya watafiti, nunua pedali kabla ya kununua kozi yoyote, na usinunue iliyotumika bila kuichomeka kwenye laptopu yako mbele ya muuzaji, kwa sababu zipo za zamani zenye plagi isiyoingia kwenye USB. Hedifoni nzuri zifuate, za kufunika sikio lote. UPS pia, kwa ajili ya stima kukatika.

Waya wangu utahitaji utepe wa tatu karibuni. Shemeji anarudi Desemba, nimemwagiza mbili.