Huduma za vijana hapa Tanga: bure kweli, ila njoo na karatasi

Nianze na hukumu, mwenye haraka asimalize bando lake. Huduma za umma kwa watoto na vijana hapa Tanga zipo, nyingi hazina malipo, na wengi wanaozitoa wanaijua kazi yao. Kinachokwamisha watu mara nyingi ni karatasi: iliyokosekana, iliyochelewa, au inayosema "Ally" wakati mwenzake inasema "Ali". Mie ni mwalimu wa malezi kwenye shule ya kata, nazitumia huduma hizi kwa ajili ya wanafunzi mwaka mzima. Nitazipitia kama mtu anavyoelezea simu aliyonunua: inafanya nini, inakwama wapi, uishike vipi.

Namba 116 ndiyo simu ya mtoto. Inapigwa bure kwa mitandao yote, inapokelewa usiku na mchana, na inaendeshwa na C-Sema, shirika lisilo la kiserikali, kwa kushirikiana na serikali. Mtoto anapiga mwenyewe, au jirani, au mwalimu, na hakuna anayekulazimisha kutaja jina lako. Simu ya kitochi isiyo na salio inatosha. Kwa hilo peke yake naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya tano imepotelea kwenye matarajio. Wengi wanaoilalamikia wanasubiri kitu ambacho haina: 116 haikutumii gari. Mshauri anasikiliza, anapima hatari, kisha shauri linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, na polisi panapohitajika. Kwa hiyo kasi ya msaada inategemea afisa wa huku kwetu na maelezo uliyotoa. La afisa huliwezi, la maelezo unaliweza. Usiseme "Ngamiani" ukanyamaza, maana Ngamiani ina kata tatu, Kaskazini, Kati na Kusini, na barabara zake zinaitwa kwa namba. Taja kata, taja barabara ya ngapi, taja msikiti au duka lililo jirani. Taja umri wa mtoto, yuko na nani saa hii, na kama anayetuhumiwa analala nyumba hiyo hiyo. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linaloonyesha kama jambo linasubiri kesho au halisubiri. Kabla ya kukata uliza shauri linapelekwa kwa nani na utalifuatilia wapi, uandike na tarehe. Ukirudi kupiga bila kumbukumbu, unasimulia upya kuanzia mwanzo.

Mambo mawili madogo. Walio Horohoro na vijiji vya mpakani waangalie kwanza simu imeshika mtandao wa nchi gani, kwa sababu 116 ni namba ya watoto Kenya na Uganda pia. Na kama mtoto anapigwa dakika hii, anza na 112 ya polisi, 116 itafuata.

Sasa PF3, mahali ambapo saa nyingi hupotea bure.

PF3 ni fomu ya polisi kwenda kwa daktari, na haiuzwi. Polisi wanajaza sehemu yao, daktari anajaza alichokiona mwilini, fomu inarudi polisi, na mwisho inaweza kusimama mahakamani kama kielelezo. Kazi yake ni ushahidi. Matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri, na mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono ni dharura hata kama anatembea na haonekani na jeraha. Hata hivyo bado utakutana na dirisha linalokwambia "kalete PF3 kwanza". Usibishane na wa dirishani. Omba muuguzi wa zamu au afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na useme maneno haya: "Ni ukatili wa kingono, muda wa PEP unakwenda." Mtu mmoja abaki na mtoto kwenye matibabu, mwingine aende kituoni kuchukua fomu. Mkiwa wawili mnaokoa nusu siku.

Muda huo ndio huu. PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyokinga zaidi. Humezwa siku 28 mfululizo. Kipimo cha VVU hufanyika mwanzoni na kurudiwa baadaye, kwa hiyo usiondoke bila tarehe ya kurudi. Msichana aliyekwisha kubalehe hupewa pia kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ambacho mwisho wake ni saa 120, nacho pia ni afadhali mapema. Hizo ni dawa mbili zenye saa mbili tofauti, na watu wanazichanganya: aliyepewa kidonge cha mimba anadhani amekwisha kukingwa na VVU. Uliza kila dawa kwa jina lake. Saa 72 zikipita bado mpeleke, kwa sababu yapo magonjwa mengine ya zinaa ya kutibiwa, ujauzito wa kupima, majeraha, na ushauri nasaha.

PEP hukatishwa zaidi kwa sababu ya kichefuchefu. Mtoto anatapika siku ya tatu, bibi anasema dawa kali, basi, inawekwa kabatini. Ziliwe baada ya chakula, saa ile ile kila siku. Zikizidi kumsumbua, rudini kituoni hata kabla ya tarehe, waangalie la kufanya, msiache wenyewe.

Kuhusu nguo na mwili: asioge wala kubadili nguo kabla ya kuonwa, kama inawezekana. Akiwa amebadili, nguo zile zije bila kufuliwa, kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi au bahasha ya kaki. Nailoni inafungia unyevu, unyevu unaozesha, na daktari anabaki na kitu kisichopimika. (Mifuko ya nailoni imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini kuna nyumba bado zimeitunza kama urithi.)

Kituoni, uliza moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto. Kaunta ni ya kuuliza dawati liko wapi, basi. Usianze kusimulia pale mbele ya watu waliokuja kudai pikipiki yao. Mtoto asifundishwe cha kusema na asirudishwe kwenye hadithi na kila shangazi anayefika. Mtu mzima mmoja aandike alichosema kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni neno la kitoto, na saa aliyolisema. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. PF3 ikitoka kwa daktari isome kabla hujatoka nayo: jina limeandikwa sawasawa, tarehe na saa ya uchunguzi zipo, sahihi ipo, muhuri upo, maandishi yanasomeka. Toa nakala mbili, halisi iende polisi siku hiyo hiyo. Andika pembeni jina na cheo cha daktari, maana anaweza kuitwa mahakamani akiwa amekwisha kuhamishwa.

Huduma hii naipa tatu. Ukimkuta askari wa dawati mwenye mafunzo, inapita vizuri sana. Ukifika zamu ambayo hayupo, utazungushwa. Kikubwa kinachoiua lakini hakitoki ofisini, kinatoka sebuleni kwetu: "tuyamalize kifamilia". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Haikumwachia mjomba nafasi ya kupanga bei.

Chanjo ya HPV sina maneno mengi nayo, kwa sababu inafanya kazi. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hailipiwi. Inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Haifungi uzazi, na uvumi huo utausikia, ujibu kwa upole. Tatizo la shuleni ni dogo: asubuhi ya chanjo wasichana huja hawajanywa hata chai, wanachomwa wamesimama, wawili wanazimia, darasa zima linakimbia. Wale kwanza, wachomwe wamekaa, wabaki wamekaa dakika 15. Aliyekosa siku hiyo aende kituo cha afya na kadi yake, asisubiri timu irudi shuleni. Tano kati ya tano.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao yao, ila kabla ya kuchapa kurasa angalia toleo: mtaala mpya unaingia kwa awamu tangu 2024, na darasa moja linaweza kuwa na kitabu kipya wakati kaka yao bado yuko kwenye cha zamani. Asiye na bando aende maktaba ya mkoa, lile jengo la enzi za Mwingereza. Kwa utulivu wa kusomea mtihani, sijaona mshindani wake hapa mjini.

Nimeacha cheti cha kuzaliwa na mkopo wa elimu ya juu mwisho kwa makusudi, kwa sababu ni jambo moja ingawa watu hulifanya mara mbili, na kwa kuchelewa mara zote mbili. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Uhakiki unaombwa kwa mfumo wa eRITA: unafungua akaunti, unapakia picha ya cheti, unalipia kwa namba ya malipo, unasubiri majibu. Hukwama kwa sababu tatu: picha ya simu yenye ukungu, cheti cha zamani ambacho namba yake haisomeki, au taarifa za cheti kutoonekana kwenye daftari la msajili. Hiyo ya tatu inakupeleka kwenye ofisi ya msajili wilayani, kwa Katibu Tawala wa Wilaya, na karatasi za kuthibitisha kama tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, au barua ya mtendaji. Tanga wanatutania kwa waja leo waondoka leo. Kwenye daftari hilo waja leo, waambiwa rudi Jumatatu. Fanya uhakiki Januari hadi Aprili, wakati foleni haipo. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo hapo hapo, nacho kitaulizwa.

Kisha majina. Sisi wa pwani tuna mtihani wetu: Saidi na Said, Athumani na Athuman, Ally na Ali, na jina la tatu ambalo shuleni ni la babu na kwenye cheti ni la ukoo. Kwa macho yetu ni mtu mmoja, kwa mfumo ni watu wawili. Dawa yake iko shule ya msingi. Taarifa za mwanafunzi huingizwa kwenye mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, na kabla ya usajili wa darasa la saba na kidato cha nne shule ina orodha ya majina. Mzazi aje na cheti, walinganishe herufi kwa herufi, na nukta kwa nukta. Kurekebisha hapo ni kazi ya mwalimu na kalamu. Ukisubiri matokeo yatoke, umeingia kwenye viapo na mawakili.

Ombi lenyewe hufanywa kwenye mfumo wa Bodi, ada ni shilingi 30,000 na hairudi. Tumia namba ya simu na barua pepe ya mwombaji mwenyewe. Kijana wa steshenari akiweka zake, siku ya kubadili nywila unaanza kumtafuta Chumbageni nzima. Aliyerudia mtihani ana namba za mtihani zaidi ya moja, basi atumie ile ile aliyoombea chuo. Fomu inachapwa, inasainiwa na mwombaji na mdhamini, inapita serikali ya mtaa kwa sahihi na muhuri, inapita kwa wakili au hakimu kwa kiapo, kisha kurasa zilizosainiwa zinapakiwa. Nazokuta zimeharibika mara nyingi ni zilizokosa muhuri wa kiapo, na zilizopakiwa zikiwa zimelala ubavu. Halafu kuna wanaopakia kila kitu wasibonyeze kitufe cha kutuma. Hao ndio wananiuma.

Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka, kipindi hicho hicho ambacho waliomaliza kidato cha sita wako kambini, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Aliyepangiwa kambi ya Mgambo au Maramba yuko mkoani kwetu hapa hapa na bado humpati kwa simu. Cheti kilichohakikiwa, kitambulisho na picha ya mdhamini, na nakala ya vyeti vyote viwe kwenye bahasha moja nyumbani kabla hajapanda gari, na mtu mmoja ajue nywila. Majina ya waliopata hutoka kwa awamu, kwa hiyo kukosa awamu ya kwanza si kukataliwa. Zikiisha zote, kuna dirisha la rufaa, na huko pia wataanza na vyeti vile vile.